Kielelezo Namba Moja

Nchi yenyewe inaitwa Tumefika. Msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana haipakani na kwetu, na mambo ya huko hayafanani hata kidogo na ya hapa. Tunayasimulia kwa sababu mvua inanyesha na hatuna pa kwenda.

Huko Tumefika walikuwa na hospitali kuu moja, na kwa miaka mingi hospitali hiyo ilikuwa na nafasi tele. Dawa zilikuwa mbili, ya kichwa na ya tumbo, na mganga mkuu alichagua ya kukupa kwa kuangalia ipi haijaisha. Mtu akilazwa leo, keshokutwa kitanda chake kiko wazi, na hakuna aliyewahi kulalamikia msongamano. Kisha maendeleo yakaingia. Vijana wakapelekwa ng'ambo, wakarudi madaktari kweli kweli. Zikashushwa mashine za kumulika mifupa, za kusafisha damu, za kumpumulia mtu aliyesahau kupumua. Watu wakaanza kupona. Hapo ndipo tabu ilipoanzia.

Waziri wa Afya alikwenda kujionea maendeleo hayo. Akapita wodi hadi wodi, nyuma yake msafara wa watu thelathini, akawaona waliofungwa bendeji, waliotundikiwa dripu na wanaogumia. Wodi ya mwisho akasimama katikati, akawatazama mmoja mmoja. Watu wakadhani ameingiwa na huruma.

"Mnanionesha wagonjwa tu," akasema. "Waliopona wako wapi?"

Mganga mkuu akajibu kwamba waliopona wamekwenda makwao.

"Makwao," akasema Waziri. "Wameondoka na ushahidi wote."

Wiki iliyofuata ukatoka Waraka Namba Saba. Ulisema kwamba mgonjwa yeyote atakayepona asitoke hospitalini mpaka Mheshimiwa Waziri amwone, kwa macho yake mwenyewe, kwamba amepona. Apewe shati la kijani lenye namba kifuani, aitwe Kielelezo, alale kitandani akingoja. Na Mheshimiwa Waziri, kama mnavyojua mambo ya mawaziri wa nchi za mbali, ana shughuli nyingi.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Kadiri madaktari walivyoongeza bidii, ndivyo vitanda vilivyojaa wazima. Wodi Namba Mbili ilikuwa na vitanda arobaini. Thelathini na vinane vilikuwa na watu wa shati la kijani, wamenenepa, wanacheza karata. Viwili vilikuwa na watu ambao bado wanaumwa, nao wakitazamwa kama wazembe. Wagonjwa wengine wote walikuwa barazani, juu ya mikeka, na wengine chini ya ngazi.

Kitanda cha kwanza, karibu na mlango, kilikuwa cha Mzee Chande.

*

Mzee Chande alikuwa fundi wa majiko ya bati. Miaka arobaini alikata bati, akalichomea, akavuta masizi, hadi mapafu yakamkatalia. Aliletwa hospitali midomo ikiwa imepiga ubuluu, akawekwa kwenye ile mashine mpya ya kupumulia, ya kwanza na ya pekee nchini. Siku ya tisa akapona. Siku ya kumi alitandika kitanda chake, akavaa ndara, akamwambia mkewe ashike kapu.

Mlangoni akakutana na Bwana Lweno, Afisa Uhakiki wa Uponaji, kijana mwenye suti nyembamba na kalamu tatu mfukoni.

"Hongera sana, mzee wangu," akasema Bwana Lweno. "Umepona. Haya, rudi kitandani."

Ndivyo alivyokuwa Kielelezo Namba Moja, wa kwanza kuponywa na mashine ile, fahari ya taifa. Mashine haikuondolewa ubavuni mwake. Ilifungwa kwenye kitanda kwa mnyororo na kufuli, isije ikapotea kabla Mheshimiwa hajaiona, na ufunguo ukapelekwa wizarani. Mchana kutwa, usiku kucha, ilimpulizia hewa safi puani mtu ambaye haihitaji, kwa sababu Mheshimiwa anapenda kuona vitu vikifanya kazi. Kila asubuhi Bwana Lweno alimfanyisha mazoezi ya sentensi tatu: Nilikuja nimekwisha. Sasa nimepona. Ahsante serikali yangu. Alimkosoa kwenye ile ya pili, kwamba anaisema kama mtu anayelalamika.

Siku ikawa ya arobaini na tatu.

Mkewe, Bi Siwema, hakuweza kwenda na kurudi kila siku. Kwao mbali, na wanaoruhusiwa kuingia wodini kuona wagonjwa ni jamaa za wagonjwa, si jamaa za watu waliopona. Akatandika mkeka barazani, kati ya wanaokohoa na wanaohema, akawa anapika uji kwenye jiko alilotengeneza mumewe mwenyewe na kumpitishia dirishani. Siku ya thelathini na tano akaanza kukohoa. Siku ya arobaini akaacha kusema sentensi ndefu. Siku hii tunayoisimulia, uji haukuja.

Mzee Chande alichungulia dirishani, akamwona mkewe amekaa ameegemea nguzo, mikono juu ya magoti, mabega yakipanda na kushuka kama mtu anayebeba maji. Akamwita. Hakugeuka.

Sista Nyamizi, muuguzi wa zamu, akaenda kumtazama. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu, mwenye tabia ya kuhesabu kwa midomo bila sauti. Alimbana Bi Siwema kidoleni na kile kidude kinachosoma hewa ya kwenye damu. Mtu asiyeumwa ana tisini na tano na kuendelea. Mzee Chande, aliyekaa mwezi na nusu kando ya kidude hicho, alizijua namba zake kama mchuuzi anavyojua bei. Akauliza kutoka dirishani ni ngapi.

"Themanini na nne," akasema Sista.

Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Siku hiyo Waziri alitangazwa kuja saa tisa. Alikwishatangazwa mara nne kabla yake akakosa kuja, lakini safari hii dalili zilikuwa za kweli. Maua yalikuwa yameletwa, na vyoo vimefungwa visije vikachafuka.

*

Mzee Chande aliinuka, akavua ule mpira wa pua, akamfuata Bwana Lweno ofisini kwake, yaani chumba kilichokuwa cha kufungia watoto vidonda. Akamweleza kwa adabu zake zote. Mke wake anakosa hewa. Hewa iko moja hospitali nzima, nayo inaingia puani mwake yeye bure. Aondoke, mkewe alale.

Bwana Lweno alimsikiliza vizuri, hakumkatiza, kisha akamweleza shida ilipo. Mgonjwa akilala kwenye kitanda cha aliyepona, hesabu ya waliopona inapungua moja na ya wagonjwa inaongezeka moja, na hesabu ilikwishapelekwa wizarani jana. Mzee akasema basi mashine isogezwe hadi barazani. Akakumbushwa kufuli. Akasema basi mkewe alale naye kitanda kimoja, ni mke wake wa ndoa miaka thelathini na sita. Akaambiwa kitanda kimoja, namba moja. Akasema basi yeye na aandikwe kwamba ugonjwa umemrudia, atupwe barazani kama wenzake.

Hapo Bwana Lweno akaonekana kuumia kwa dhati.

"Mzee wangu, Kielelezo hakirudiwi na ugonjwa," akasema. "Kuna kamati ya jambo hilo, na haijateuliwa."

Akamshauri arudi akafanye mazoezi ya sentensi ya pili. Nyuma yake wakafuatana makarani wawili, ambao kazi yao ilikuwa kupita kila saa kuhesabu mashati ya kijani.

Saa sita Bi Siwema alikuwa themanini na moja. Sista Nyamizi alimpa dawa iliyokuwepo, akamkalisha wima kwa mito miwili aliyoinyakua kwa wacheza karata. Dawa ni nzuri, alimwambia mzee, dawa za siku hizi ni nzuri mno, lakini zinataka siku mbili zifanye kazi, na huyu hana siku mbili. Anachotaka ni hewa ya kumvusha.

"Akipata?"

"Akipata anapona, baba. Ugonjwa wenyewe wala si mkubwa."

Mzee Chande alikaa kitandani, mpira wa pua ukimpulizia. Alijaribu kubana pumzi asiitumie ile hewa, akaona ni upuuzi. Nje alisikia kikohozi ambacho angekitambua kati ya vikohozi mia.

*

Kielelezo Namba Mbili, kitanda jirani, alikuwa Magoma, kinyozi, aliyepasuliwa ngiri akapona, na ambaye kwa kukosa la kufanya alikwishawanyoa watu wote wa wodi, wengine mara tatu. Ulimi wake haukupona chochote.

"Unahangaika bure, fundi," akasema huku akifuta wembe. "Mwezi huu ametoka mtu mmoja tu hapa. Yule marehemu wa kitanda cha kumi na nne. Tena alitoka mbio, hata kandambili zake zilibaki."

Watu wakacheka. Mzee Chande hakucheka. Akainua macho, akakuta Sista Nyamizi naye hacheki, amesimama na faili mkononi, midomo ikihesabu.

Maana ilikuwa kweli. Kutoka ukiwa umepona kulihitaji macho ya Waziri. Kuhama kitanda kulihitaji Afisa, wizara na ufunguo. Kufa kulihitaji karatasi moja na sahihi moja, ya muuguzi wa zamu, kwa kuwa hakuna mkubwa yeyote Tumefika aliyetaka jina lake liwe karibu na karatasi hiyo. Na kitanda kilichoachwa na maiti, waraka ulisahau kukitaja. Bado kilikuwa chini ya kanuni ya zamani, kwamba apewe mgonjwa aliye na hali mbaya kuliko wote.

Sista alisogea, akajifanya anatengeneza shuka. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba ana watoto watatu, na kwamba kwa jambo hili watu wanafungwa. Mzee akasema anajua. Sista akasema tena, ukishakufa kwenye karatasi, mimi sina karatasi ya kukurudisha. Mzee akasema hilo nalo anaelewa. Barazani kikohozi kilianza, kikakatika katikati, kama mtu aliyekosa nguvu ya kukimaliza.

Sista akatoka mbio, akarudi.

"Sabini na sita," akasema.

"Niandike."

"Saa ngapi?"

"Saa hii hii. Nangoja nini?"

Akaandika saa nane na dakika arobaini, moyo umesimama. Mzee Chande akalala chali, akafumba macho, akavutiwa shuka hadi juu ya utosi. Magoma akaweka wembe chini polepole.

Akaja Mkude wa mochwari na toroli lake. Mkude alikuwa na miaka ishirini kwenye kazi hiyo. Alimshika mzee miguu, akasita kidogo, akainama kama anayekaza shuka.

"Mzee, wateja wangu huwa hawatoki jasho," akanong'ona. "Jikaze."

Akambeba.

Toroli lilipopita mlangoni, Mzee Chande alisikia miguu ya haraka, watu wakinyanyua kitu, sauti ya Sista ikisema mwinue kichwa, hivyo, nipe barakoa. Kisha akasikia mashine ikibadili mlio, kwa kuwa sasa ilikuwa na kazi.

*

Hakufika mbali. Ukumbini Mkude alizuiwa. Uwanja wote kutoka wodini hadi mochwari ulikuwa umefungwa kwa ajili ya magari ya msafara, na askari wa getini alisema maiti haipiti mbele ya Mheshimiwa, ni nuksi. Wakati huo huo Bwana Lweno akawa amefika kitanda cha kwanza.

Mzee Chande, chini ya shuka, alisikia yote. Alisikia Bwana Lweno akiuliza huyu mama ni nani. Akasikia Sista akimjibu bila kutetemeka kwamba Kielelezo Namba Moja amefariki dakika kumi zilizopita, karatasi anayo Mkude, na kitanda kimepewa mgonjwa kwa kanuni. Alisikia kalamu ikianguka chini.

"Amefariki?" akasema Bwana Lweno. "Leo?"

Alilisema kama mtu aliyekosewa heshima. Kisha king'ora kikalia kule barabarani, na Bwana Lweno, ambaye hakuwa mjinga, akafanya haraka. Kulikuwa na kitanda. Kulikuwa na mashine inayofanya kazi. Kulikuwa na mtu kitandani. Kilichokosekana ni shati. Akaamuru shati la kijani la akiba, akamvika Bi Siwema juu ya nguo zake, namba moja kifuani, akamwambia Sista kwamba tangu sasa huyu ndiye aliyepona.

Sista akamwambia kwamba huyu anakufa, na kwamba akiitoa ile barakoa hata kwa dakika mbili, amekwisha. Inatakiwa saa nzima, isiguswe.

"Haitaguswa," akasema Bwana Lweno. "Nani aiguse?"

Akatoka ukumbini, akaliona toroli.

King'ora kilikwishafika getini. Hapakuwa na mlango wa kulipitisha wala chumba cha kulifichia, vyumba vyote vilijaa wagonjwa waliofichwa. Bwana Lweno akatazama toroli, akatazama meza iliyokuwa imeandaliwa vinywaji vya wageni, ambayo mguu wake mmoja ulikuwa mbovu. Akavuta kitambaa cheupe cha mezani chenye nakshi, akamfunika nacho Mzee Chande toka kichwa hadi miguu. Juu yake akapanga chupa za maji. Tumboni akaweka chombo cha maua.

"Asipumue," akamwambia Mkude, kisha akakumbuka anasema juu ya maiti, akaenda zake.

*

Chini ya kitambaa kulikuwa na joto na giza jeupe. Mzee Chande alipumua kwa ncha ya pua. Chupa moja ilimkalia kwenye goti. Akasikia viatu, vingi, viatu vya ngozi vinavyolia. Akasikia sauti nene ikisifu rangi ya kuta.

Wakaingia wodini. Mlango ulikuwa hatua nne kutoka alipolala, umeachwa wazi. Bwana Lweno akaanza hotuba. Mheshimiwa Waziri, alisema, kwa uongozi wako wenye maono, Tumefika sasa inaponya kwa asilimia tisini na tano ya vitanda vyake. Na mbele yako ni Kielelezo Namba Moja, aliyefika hapa akiwa hana pumzi.

"Anaonekana kama bado hana," akasema Waziri.

Bwana Lweno akasema ni unyenyekevu.

Waziri akacheka kidogo, msafara ukacheka kwa kipimo hicho hicho. Akauliza mama anajisikiaje. Hakujibiwa. Akauliza tena, akiinama. Mzee Chande alisikia mashine tu, puu, puu, na juu yake sauti ya Sista ikieleza kwamba mama haruhusiwi kuzungumza kwa sasa.

"Haruhusiwi na nani?" akasema Waziri. "Mimi nimekuja kumsikia. Kamera ziko hapa. Hicho kitu usoni kinamziba, watu hawatamwona. Kitoeni."

"Mheshimiwa, ni dakika chache tu," akaanza Bwana Lweno, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu wa kawaida.

"Amepona au hajapona?"

Hilo lilikuwa swali ambalo kijana yule hangeweza kulijibu. Akisema hajapona, amedanganya wizara. Akisema amepona, hakuna haja ya barakoa. Mzee Chande alisikia hatua za Sista zikisogea, zikasimama, kama mtu aliyejiweka kati ya kitanda na watu. Akasikia hatua nyingine nzito zikimwendea, za walinzi wa Waziri, wale wenye miwani myeusi. Akamsikia Waziri akisema kwamba kuna joto humu, wakati mnapomtoa hicho kitu nitakunywa maji, na viatu vile vya ngozi vikaja ukumbini moja kwa moja, hadi mezani.

Mkono ukashika chupa iliyokuwa juu ya goti.

"Nilikuja nimekwisha," ikasema meza.

Chupa ikaanguka.

Mzee Chande akaketi. Kitambaa kikamteremka kifuani, maua yakamwagika mapajani, chupa zikabingirika hadi miguuni mwa wapiga picha. Alikuwa bado na shati lake la kijani, namba moja. Akamtazama Waziri usoni kwa karibu sana.

"Sasa nimepona," akasema, na kwa kweli safari hii hakuisema kama anayelalamika. "Ahsante serikali yangu. Mwacheni mke wangu apumue."

Watu watatu wa msafara walianguka, na mmoja wao alikuwa daktari. Walinzi walimwachia Sista, wakakimbilia mlango. Waziri hakukimbia. Alimtazama mzee, akamtazama Mkude, akauliza kwa sauti ya kukauka, huyu ni nani na alikuwa anafanya nini hapa.

Mkude wa mochwari, mtu asiyejua uongo, akamjibu swali aliloulizwa.

"Ni marehemu, Mheshimiwa. Nilikuwa nampeleka."

Akatoa ile karatasi. Waziri akaisoma. Saa nane na arobaini, moyo umesimama, sahihi. Akaisoma tena. Msafara ukaona uso wake ukibadilika, kutoka hofu kwenda mahali pengine pa juu zaidi, na wapiga picha wakajua wasogee.

"Wananchi," akasema Waziri. "Wenzetu duniani wanaponya wagonjwa. Wengi wanaweza. Leo, kwa macho yangu mwenyewe, nimeona Tumefika imefika wapi."

Akaondoka akikimbia kuwahi taarifa ya habari ya jioni. Hakurudi wodini. Barakoa haikuguswa. Saa kumi Bi Siwema alikuwa themanini na tano, jua lilipokaribia kuzama alikuwa tisini.

*

Mzee Chande aliachiwa jioni ile ile. Sheria ilikuwa wazi: ameonwa na Waziri, kwa macho yake mwenyewe. Watu thelathini na saba wa shati la kijani, ambao Waziri hakuwafikia kwa kuwahi taarifa ya habari, walimsindikiza kwa macho.

"Umefufuka peke yako, fundi," akamwambia Magoma. "Haya, wasalimie walio hai."

Sista Nyamizi hakufungwa. Angefungwa vipi, naye ndiye aliyeshuhudia muujiza wa taifa? Alipewa cheti. Bwana Lweno akapandishwa cheo. Na baada ya siku sita ukatoka Waraka Namba Nane, ambao ulisema kwamba kwa kuwa kufa sasa si jambo la mwisho, ni marufuku kumwondoa maiti kitandani mpaka Mheshimiwa Waziri amwone, kwa macho yake mwenyewe, kwamba hafufuki. Waraka huo walisomewa wafanyakazi tu. Wagonjwa haukuwahusu.

Ikaundwa pia tume ya wataalamu kumi na wawili, kuchunguza kwa nini hospitali inazidi kuelemewa ilhali tiba inazidi kuendelea. Tume ilipewa wodi ya watoto, ndiyo iliyokuwa na nafasi ya kutosha meza zake.

Bi Siwema alipona siku ya kumi na moja. Ilikuwa kama Sista alivyosema, ugonjwa wenyewe haukuwa mkubwa. Siku ya kumi na mbili alitandika kitanda, akavaa ndara. Mlangoni wakamwambia hongera. Waziri alimsemesha, ni kweli, lakini alimsemesha akiwa anaumwa. Akiwa amepona hajamwona.

Basi Mzee Chande akatandika mkeka barazani, pale pale penye nguzo. Akawasha jiko lake, akawa anapika uji, mbovu sana, na kumpitishia mkewe dirishani. Mkewe akawa anaula na kumsahihisha. Jioni alimsomea zile sentensi tatu, naye mzee akamfundisha namna ya kuisema ya pili. Kulia kwake mtu alikohoa. Kushoto kwake mtu alihema. Mapafu ya mzee, wakumbuke wasomaji, yalikuwa ya miaka arobaini ya masizi.

Asubuhi ya siku ya ishirini na tatu uji haukuja.

Bi Siwema alichungulia. Akamwona mumewe ameegemea nguzo, mikono juu ya magoti, mabega yakipanda na kushuka. Akamwona Sista Nyamizi amechuchumaa mbele yake, amembana kidole, anasoma namba, na midomo yake haihesabu chochote. Mzee alimuuliza ngapi. Sista hakumtajia. Aligeuka akatazama dirishani, kwenye kitanda cha kwanza, na mashine iliyokuwa ikipuliza hewa safi puani mwa mwanamke mzima.

Macho yao yakakutana. Bi Siwema akaitikia kwa kichwa mara moja, kama watu wanaoelewana juu ya jambo waliloliweza zamani. Akalala chali, akanyoosha miguu. Akavuta shuka mwenyewe, hadi kifuani, hadi kidevuni, hadi juu ya utosi, akatulia kabisa.

Sista, ambaye alikwishasomewa Waraka Namba Nane, alisimama barazani na kile kidude mkononi. Chini ya shuka mama wa watu alikuwa amekufa vizuri sana, hata shuka halikutikisika, anangoja sahihi.